Kutoka Kitale Hadi Bungoma: Barabara Moja na Lugha Tatu za Darasani

Mtu aondokaye Kitale asubuhi kwenda Bungoma huiacha milima ya Cherangani nyuma yake, na mkono wake wa kuume huuona mlima wa Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Barabara hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, katikati ya mashamba ya mahindi, hata ikafika Webuye, ambako maji ya mto Nzoia huanguka kwa kishindo katika maporomoko ya Nabuyole. Hapo msafiri hugeuka kuelekea magharibi, na baada ya mwendo mfupi huwa amekwisha fika Bungoma. Safari yote haifiki kilometa 100. Lakini mtoto wa miaka 7 ahamishwaye shule kwa safari hiyo fupi huweza kujiona kama aliyeingia nchi ya kigeni, maana lugha ya mwalimu wake imebadilika.

Sababu yake imo katika historia ya miji hiyo miwili. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na nchi ya Trans-Nzoia ilikuwa ya mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Vibarua walikuja kutoka pande nyingi, wakakaa mashambani pamoja na jamaa zao. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mashamba mengi yaligawanywa na Serikali au yalinunuliwa na vyama vya wakulima. Kwa hiyo, katika shule nyingi za Kitale, Mluhya, Mkalenjin, Mkikuyu na Mturkana huketi juu ya benchi moja, na lugha iwaunganishayo ni Kiswahili. Bungoma si hivyo. Huko mgeni hulakiwa kwa neno "Mulembe", na ingawa wamo Wasabaoti, Wateso na wengineo, katika vijiji vingi Lubukusu ndiyo lugha ya jikoni, ya sokoni na ya malishoni.

Serikali haikuisahau tofauti hiyo. Tume ya Simeon Ominde ya mwaka 1964 ilikuwa imependelea Kiingereza kitumike tangu mwaka wa kwanza wa shule. Lakini mwaka 1976 kamati iliyoongozwa na Peter Gachathi ilishauri kwamba, katika madarasa 3 ya kwanza, mtoto afundishwe kwa lugha ya watu wa mahali pale. Na palipo na mchanganyiko wa makabila, Kiswahili kitumike. Kiingereza kingeshika kazi hiyo tangu darasa la nne. Shauri hilo lilidumu katika mpango wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na halikuachwa katika mtaala mpya ulioanza kufundishwa nchini kote mwaka 2019.

Amri hiyo ni ya busara. Mtoto wa Bungoma ayajua maji kwa jina la "kamechi" kabla hajaona shule. Akilikuta neno hilo ubaoni, herufi tu ndizo ngeni kwake, maana anayo. Akikuta neno la Kiingereza, hana budi kubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, yaani herufi asizozijua na neno asilolijua.

Lakini kati ya amri na darasa pana mto mpana. Kwanza ni mtihani. Tangu mwaka 1985 hata 2023, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa ule wa Kiswahili. Matokeo yake ndiyo yaliyoamua mtoto ataingia shule gani ya sekondari, na ndiyo yaliyotumiwa na wazazi kumsifu mwalimu au kumlaumu. Mwalimu mwenye hekima hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alianza Kiingereza mapema, tena mara nyingi wazazi wenyewe walimhimiza, kwa kuona jirani anawapeleka watoto wake katika shule ya kulipia inayojivuna kwa Kiingereza. Mtihani huo umekwisha, lakini mazoea yaliyojengwa kwa miaka karibu 40 hayaondoki kwa siku moja.

Pili ni vitabu. Katika miaka ya 1940 halmashauri iliyoundwa kwa juhudi za wamisionari ilijaribu kuunganisha lahaja zote za Waluhya ziwe lugha moja ya maandishi. Wabukusu, kama Waragoli, hawakuridhika nayo, kwa kuwa hawakuiona kuwa lugha yao hasa. Tangu hapo vitabu vya shule vya Lubukusu vimekuwa vichache. Mwalimu aliyeambiwa afundishe kwa lugha ya mahali, naye hana kitabu, hana budi kutafsiri kwa kinywa chake kila somo.

Tatu ni mahali mwalimu atokapo. Mwaka 2018 Tume ya Walimu iliwahamisha walimu wakuu wengi kutoka kaunti zao ili kujenga umoja wa taifa. Baadaye, baada ya malalamiko mengi, baadhi yao waliruhusiwa kurudi. Umoja ni jambo jema, lakini mwalimu mgeni hawezi kumfafanulia mtoto wa darasa la kwanza neno kwa lugha asiyoijua yeye mwenyewe.

Matokeo ya hayo huonekana kwa mtoto. Wako wengi katika nchi hii, wazee kwa vijana, wakumbukao kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yao uani mwa shule. Mtoto aliyefundishwa hivyo hujifunza kunyamaza. Huitikia maneno ya mwalimu pamoja na wenzake kwa sauti kubwa, na akiulizwa peke yake hutazama chini. Mwalimu huandika kwamba ni mzito wa akili, kumbe hakuelewa swali.

Kwamba jambo hili linaweza kutengenezwa si ndoto. Mwaka 2013 na 2014 baadhi ya shule za Bungoma zilijaribu mpango wa kufundisha kusoma kwa Lubukusu. Vitabu vilitungwa, na walimu walipewa mafunzo ya kazi hiyo. Watoto wale waliweza kusoma lugha yao vizuri kuliko wenzao wasioupata mpango huo. Akili ni zile zile. Kilichoongezwa ni kitabu na mwalimu aliyetayarishwa.

Mkulima wa Kiminini na karani wa Bungoma wote wawili wataka watoto wao wajue Kiingereza, wala hawakosei, maana ndiyo lugha ya mitihani na ya ofisi nyingi. Lakini mkulima hapandi mahindi juu ya ardhi isiyolimwa kwa sababu tu jirani amekwisha panda. Basi mzazi akutanapo na mwalimu asiulize tu mtoto amejua maneno mangapi ya Kiingereza; aulize kama aelewa asomacho, na kama vitabu vya lugha aliyokuja nayo shuleni vipo. Mwenda pole hajikwai.