Mkono wa bugali uangalie magari

Sisi ni baba na mama wa watoto watano. Tulivuka mpaka pale Ishasha mwaka 2008, vita ilipofika Kiwanja, na tangu hapo tuko hapa Nakivale. Tunaandika pamoja, mmoja anasema na mwingine anakosoa, kwa hiyo msishangae tukisema "sisi" hata pale ambapo mguu uliovunjika ni wa mmoja tu.

Tunataka kuzungumza juu ya kinga, au baiskeli kama wengine wanavyoiita, na magari tunayogawana nayo njia.

Kwetu Kongo magari yanapita mkono wa kuume. Burundi na Rwanda ni vilevile. Hapa Uganda, pamoja na Kenya na Tanzania, yanapita kushoto, kama Waingereza walivyoacha. Kila mtu aliyevuka mpaka analijua hilo. Ukifika Bunagana unaona malori yakibadili upande, basi unacheka kidogo na safari inaendelea. Lakini kulijua kwa kichwa ni jambo moja. Mwili una kumbukumbu yake, na mwili haukuandikishwa pamoja na sisi siku ile ya kupewa karatasi.

Ilikuwa Novemba 2019, wakati wa mvua. Baba alikuwa anashuka na mikungu mitatu ya matoke kwenye keria, akiipeleka kwa mchuuzi aliyekuwa anapakia lori la Mbarara. Alikuwa upande wa kushoto, sawasawa kabisa, hakuna wa kumlaumu. Nyuma yake lori likapiga honi. Hakugeuka, maana ukiwa na mzigo kama ule kugeuza shingo ni kuanguka. Honi ya pili ikalia karibu sana. Hapo akakimbilia majani. Akakimbilia kuume.

Kwa nini kuume? Kwa sababu alianza kusukuma chukudu kwenye njia ya Rutshuru kwenda Goma akiwa na miaka 12, na kule honi ya nyuma ilikuwa na maana moja tu: toka, shika kuume, ingia kwenye majani. Miaka 11 ya kuishi Uganda haikufuta jambo hilo. Kwa siku za kawaida alikuwa Mganda kabisa barabarani. Siku ya hofu alirudi Rutshuru, na Rutshuru ikampeleka mbele ya lori.

Dereva alikata usukani. Ubavu wa lori ukagonga mkungu wa nje, kinga ikazunguka kama pia, baba akaanguka na mguu ukavunjika chini ya goti. Jirani zetu mpaka leo wanasema dereva yule alikuwa mwuaji. Sisi hatusemi hivyo. Angetaka kuua, nafasi alikuwa nayo. Ila tunamlaumu kwa jambo moja: alimwona mtu mwenye mzigo kwenye mteremko wenye matope na hakupunguza mwendo, alipiga honi tu. Madereva wengi wanadhani honi ni breki. Honi haisimamishi kitu, inamtisha tu aliye mbele, na aliyetishwa haijulikani atakimbilia upande gani.

Mambo mengine yalikwenda kama mnavyojua yanavyokwenda. Watu walijaa, dereva akatoa shilingi elfu 50, akasema tumalizane. Wazee wakasema afadhali tumalizane, sisi wakimbizi kesi ya nini. Tukapokea. Hakuna aliyeandika namba ya gari, hakuna aliyekwenda polisi. Zile shilingi zilikwisha kabla plasta haijakauka vizuri. Baadaye sana mtu mmoja akatueleza kwamba Uganda ina sheria ya mwaka 1989 inayolazimisha kila gari liwe na bima kwa ajili ya watu wengine linaowaumiza, na kwamba ukiwa na karatasi ya polisi na namba ya gari unaweza kudai. Mkimbizi naye ni mtu mwingine. Tulikuwa hatujui. Mtoto wako akigongwa, Mungu apishe mbali, kwanza msaidie mgonjwa, halafu mtu mmoja aandike namba, hata kwa mkaa kwenye mkono.

Baba alikaa miezi minne bila kufanya kazi. Bidoni za maji zilihamia kichwani kwa mama na kwa binti yetu mkubwa. Binti akakosa mitihani ya mwisho wa mwaka ule, ikabidi arudie darasa. Alikuwa ameanza kurudia, mwezi Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa kabisa Januari 2022 yeye alikuwa ameshaolewa. Hatusemi ni lori lililomwoza. Lakini usiku mwingine tunaifanya hesabu hiyo, na kila mara inaanzia pale mteremkoni.

Sasa kijana wetu wa tatu amefika umri wa kupanda kinga, na tulijiuliza tutamfundishaje. Kumwambia "kushoto, kushoto" haitoshi, maana neno linakaa mdomoni. Mama ndiye aliyepata namna. Alimwambia: "Mkono wa bugali uangalie magari, mkono mwingine uguse majani." Mkono wa kulia chakula hausahauliki, hata mtoto wa miaka mitatu ukimwamsha usingizini atakuonyesha. Basi hapa Uganda mkono huo unakaa upande wa katikati ya barabara siku zote. Na honi ikilia nyuma, nenda kwenye mkono usio na bugali. Baba alikuwa anasimama nyuma yake na sahani ya bati, anaigonga ghafula, na kijana anatakiwa atoke kwenda kushoto bila kufikiri. Watoto wa jirani walikuja kutazama kama sinema. Kwa wiki mbili hivi tulikuwa kelele ya mtaa, lakini sasa hata wao wakisikia bati wanaruka kushoto. Sisi tunaona mazoezi ya namna hii ni bora kuliko maonyo mia.

Kuna jambo lingine linalochanganya watoto. Shuleni wanaambiwa atembee akiyatazama magari yanayokuja, na hilo ni kweli kwa mwenye miguu: hapa Uganda atembee upande wa kulia ili aone hatari usoni. Mtoto akipanda kinga anafanya hivyohivyo, anakwenda kukutana na magari. Hiyo ni mbaya sana. Tazama: gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, na kinga kilomita 15. Mkikutana uso kwa uso ni kama unaendewa kwa kilomita 65, yaani mita 18 kwa kila sekunde. Gari likikufuata kwa nyuma, linakukaribia kwa kilomita 35 tu, pungufu ya mita 10 kwa sekunde. Dereva anapata karibu muda mara mbili wa kukuona na kukupita. Isitoshe, anayetoka kwenye njia ndogo anatazama upande magari yanakotoka, hakutazami wewe uliyekuja kinyume. Kwa hiyo mwenye miguu akutane na magari, mwenye kinga aende pamoja nayo.

Na kukata kona. Kule Kongo kona rahisi ilikuwa ya kuume, unajikunja tu pembeni. Hapa hiyo ndiyo kona ya hatari, kwa sababu unavuka njia ya wanaokuja mbele. Ukiwa na mzigo, shuka. Simama kushoto kwenye majani, tazama kulia, kushoto, kulia tena, halafu sukuma kwa miguu. Vijana wanaona aibu kushuka. Aibu hiyo ni ya dakika moja.

Wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Lori likikupita unapofuka kabisa, na wengi wanakimbilia katikati ya barabara kutafuta hewa. Katikati ndipo lilipo gari la pili, linalomfuata mwenzake ndani ya vumbi lilelile, na dereva wake haoni kitu kama wewe. Ukipitwa na lori, simama pembeni mpaka uone tena miti ya mbele. Nguo zitachafuka, hazifi.

Wakati wa mvua adui ni fereni. Wengi wetu tuna kinga nyeusi za chuma zenye fereni za vyuma virefu, na rimu yake inang'aa vizuri sana, inapendeza, lakini ikiloa maji ile mipira ya fereni inateleza juu yake kama sabuni. Fundi mmoja wa kwetu alimfundisha baba kubana kidogokidogo kabla ya kuanza mteremko, ili mipira ifute maji kwanza. Ukingoja mpaka katikati ya mteremko umechelewa. Na mzigo nao una neno lake: bidoni mbili za lita 20 zilizojaa ni kilo 40 nyuma yako, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unacheza. Kuni zilizofungwa kwa upana ni mbaya zaidi, kwa sababu dereva anapima mwili wako, hapimi ncha ya kuni. Zifunge kwa urefu, au kama haiwezekani, funga kitambaa cheupe kwenye ncha ya upande wa mkono wa bugali.

Usiku hatutaki kusema mengi: kama huna taa, sukuma. Shati jeupe linasaidia, na kioo chekundu cha nyuma kinasaidia zaidi. Kofia ngumu ya kichwa inaokoa kweli, tunaijua faida yake, lakini hatutawadanganya kwamba sisi tunayo.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu karibu milioni 1.19 wanakufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu ni wenye miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Tuliposomewa habari hiyo, baba alisema: tunahesabiwa mahali fulani, basi. Tulikimbia risasi, tukafika salama, na jambo la kutuua likawa mzigo wa ndizi. Mama hakupenda maneno hayo, lakini amekubali yabaki kwenye barua hii.

Wenye magari ya kazi mnaopita humu kila siku, na hata nyinyi vijana wa bodaboda, tunawaomba kitu kimoja. Mkimwona mtu kwenye kinga, na hasa mwenye mzigo, pigeni honi mkiwa mbali au msipige kabisa. Pungueni kwanza. Hamjui alijifunzia wapi kuendesha. Wengine kati yetu walifika juzi, na wakishtuka bado wanakimbilia kuume.

Mguu wa baba ulipona, ila umepinda kidogo, na siku za baridi unauma. Kinga ilirudi kwa fundi, ikapata uma mpya, na ndiyo hiyohiyo anayopanda kijana siku za soko. Anatoka asubuhi na samaki wa ziwani kwenye kapu, anakunja kulia pale penye mwembe, na pale anashuka na kusukuma kwa miguu, tunamwona kutoka mlangoni. Baada ya hapo kuna mteremko, hatumwoni tena. Tunasikiliza tu. Lori likipiga honi kule chini, mmoja wetu anasimama kufagia, mwingine anashika sahani ya bati, na hatusemezani mpaka sauti ya lori iishe.