Gitaa la Vidole Viwili

Gitaa lilitoka ng'ambo, lakini hapa Likasi lilijifunza lugha yetu. Mwaka 1952, mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville, Hugh Tracey alimrekodi hapa Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, akipiga «Masanga». Vidole viwili tu: gumba lashika nyuzi nene, cha shahada chajibu juu yake, hata msikilizaji adhani wapigaji ni wawili.

Waayalandi, ambao huchora kinubi juu ya sarafu zao, wana habari ya kutuonya. Mwaka 1792 wapiga vinubi wao walikusanyika Belfast, na Edward Bunting, kijana wa miaka 19, akaziandika nyimbo zao; kisha akazitoa kitabuni kwa ajili ya piano. Nyimbo zikasalia, lakini ufundi wa vidole vya wazee wale ukapotea kwa sehemu kubwa.

Mwenda alifariki mwaka 1990. Sauti yake tunayo, ila sauti haionyeshi kidole kimekaa wapi. Mpwa wangu aliisikiliza «Masanga» mara nyingi, akikwama palepale. Nikampeleka kwa mzee jirani. Mzee huyo hasemi mengi: hukishika kidole cha kijana, akakiweka juu ya uzi.