Vijana wa Fizi na Baraka Watafutapo Chuo Kikuu

Msafiri atokaye Uvira akashika njia ya kusini huwa na ziwa Tanganyika mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume, na hayo mawili hayamwachi mpaka afike Baraka. Ni mwendo wa kilometa 90 hivi. Juu ya ramani ni upana wa kidole. Wakati wa masika waweza kuwa kazi ya siku nzima, kwa maana mito ishukayo milimani haiulizi daraja liko wapi. Gari hupita Makobola, na Mboko, na Lusenda, ilipowekwa kambi ya wakimbizi wa Burundi mwaka 2015. Kisha nchi hufunguka kidogo, michikichi huwa mingi, na mji wa Baraka waonekana ukingoni mwa maji.

Mbele ya mji ipo ghuba iitwayo kwa jina la Mwingereza Burton, na ng'ambo ya ghuba umelala mkono mrefu wa nchi, ndio Ubwari. Burton na mwenzake Speke walipopita hapo kwa mitumbwi mwaka 1858 walidhani kwamba Ubwari ni kisiwa, kwa sababu kutoka majini hawakuiona shingo ya ardhi iungayo Ubwari na bara. Kosa hilo lilikaa katika ramani za Ulaya kwa miaka kadhaa. Wabembe wa pwani, ambao walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda huko, wangaliweza kuwaeleza kwa sentensi moja.

Baraka ni mji wa soko. Asubuhi utaona ndagala zimeanikwa, mikeke imepangwa mezani, unga wa muhogo, na bidoni za mawese zikingoja lori au boti. Kiswahili chasikika kila mahali, kwa kuwa lugha hii ilifika pwani hii pamoja na misafara ya Ujiji katika karne ya 19, wala haikuondoka. Lakini wazee wakitaka kusemezana neno zito hurudi katika Kibembe chao. Kutoka hapo barabara hupanda magharibi na kusini mpaka Fizi, makao ya wilaya, mahali palipo juu milimani, penye hewa ya baridi na ukimya ambao mtu wa Baraka huuonea mashaka. Waumini wa parokia hizi mbili wanaijua sana tarehe 28 Novemba 1964: siku hiyo, wakati wa uasi, waliuawa Bradha Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara huko Baraka, na Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert huko Fizi. Wote wanne walitangazwa wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Nimetaja hayo ili msomaji ajue ni nchi ya namna gani. Lakini jambo nililolisikia likizungumzwa zaidi, sokoni na nyumbani na mbele ya kanisa baada ya misa, lilikuwa lingine. Yalikuwa yametoka matokeo ya Mtihani wa Taifa, ule ulioanzishwa mwaka 1967 na kuitwa na wanafunzi Exetat. Waliofaulu walipigiwa vigelegele na kumwagiwa unga mweupe kichwani. Siku ya pili unga ulikuwa umekwisha kuoshwa, na swali likabaki: sasa aende chuo gani?

Wazee wa zamani hawakusumbuliwa na swali hilo. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, hesabu itajwayo sana ni kwamba Wakongo waliomaliza masomo ya chuo kikuu hawakufika 30. Chuo cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, cha Élisabethville kikafuata baada yake, na kijana wa Fizi aliyebahatika alikwenda alikopelekwa. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja. Mwaka 1981 ikavitenga tena vitatu, Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa vyuo vya madhehebu na vya watu binafsi, navyo vikaota kama uyoga baada ya mvua. Leo kijana hakosi chuo. Akosacho ni namna ya kukipambanua kilicho kizima na kilicho na jina tu mlangoni.

Kwa mtu wa Baraka, kila upande wa dira una chuo chake. Kaskazini ni Bukavu. Hapo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, Chuo Kikuu cha Serikali, na taasisi zinazojulikana kwa herufi zake: ISP ya walimu, ISTM ya wauguzi na mafundi wa maabara, ISDR ya maendeleo ya vijiji. Kwa mtoto wa mkulima anayetaka kilimo, au anayetaka udaktari, Bukavu ndiyo iliyokuwa jibu la kwanza kwa miaka mingi. Lakini mwezi wa Februari 2025 mji huo uliingia mikononi mwa M23, na Desemba ya mwaka huo huo vita vikafika Uvira. Mzazi anayehesabu ada leo, hana budi kuhesabu na njia.

Kusini, kwa boti, ni Kalemie, ambayo nayo ina chuo kikuu kilichozaliwa na kile cha Lubumbashi. Na kutoka Kalemie reli yaendelea mpaka Lubumbashi kwenyewe, ingawa treni ile haifuati saa ya mtu yeyote. Lubumbashi ina fakilte ambazo ni adimu huku kwetu: ya udaktari wa mifugo, ambayo ingewafaa sana watu wa milima ya juu wenye ng'ombe, na masomo ya miamba na madini. Vijana wengi wa Fizi huacha shule wakaenda kuchimba dhahabu Misisi kwa koleo na karai. Ni wachache mno waliokwenda kujifunza jinsi dhahabu inavyokaa ndani ya jiwe.

Mashariki ng'ambo ya ziwa ni Tanzania, na familia nyingi za hapa zinaijua nchi hiyo kwa machungu. Wakati wa vita vya 1996 na 1998 walivuka wakakaa kambini Nyarugusu, wakaanza kurudi kwa wingi tangu 2005. Kiswahili kinawadanganya vijana wengine kufikiri kwamba kusoma Dar es Salaam kutakuwa rahisi. Mitaani, ndiyo. Darasani chuo kikuu hufundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi wetu amesoma kwa Kifaransa tangu madarasa ya kati. Tena cheti chake hutakiwa kwanza kulinganishwa na vyeti vya Tanzania kwenye Baraza la Mitihani. Si mlango uliofungwa, bali wataka mwaka mzima wa matayarisho. Bujumbura ni karibu zaidi, na Kifaransa kipo. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alisomea udaktari Burundi, kisha akaja kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, milimani kwa jirani zetu wa Uvira.

Katika nyumba moja ya Baraka nilikuta shauri limekaa mkekani. Baba ni mkamuaji wa mawese karibu na mto Mutambala. Binti yake alikuwa amefaulu katika mkondo wa biolojia na kemia, naye alitaka udaktari. Mama alitaka asiende mbali. Mjomba aliyeko Lubumbashi alikuwa amepiga simu akisema kwamba mtoto aende kwake asomee sheria, maana wanasheria huvaa vizuri. (Nilimwona baba akitabasamu hapo, akatazama mikono yake.)

Baba yule hakujua mambo ya vyuo, lakini alijua hesabu. Aliomba daftari, akaanza kuandika kwa bidoni. Ada ya mwaka, bidoni kadhaa. Chumba cha kupanga, bidoni. Chakula cha miezi kumi, bidoni nyingi kupita zote. Nakala za masomo ambazo mwanafunzi huuziwa, ada ya kujiandikisha kwa kila kipindi cha mitihani, nauli, mavazi meupe ya hospitali. Kisha akazidisha kwa miaka sita. Alipokwisha, alikaa kimya kitambo, akasema, "Mwanangu, ada si mzigo. Mzigo ni kulala na kula."

Neno hilo liligeuza shauri zima. Chuo kilichokuwa karibu na ada ndogo kilionekana kuwa ghali, kwa kuwa huko hawakuwa na mtu. Na Lubumbashi ya mbali ikawa nafuu, kwa kuwa pale palikuwa na kitanda na sahani. Ilibaki kumgeuza mjomba juu ya sheria. Binti aliifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa adabu, akimwita "mjomba wangu mpenzi" kila baada ya maneno matatu. Lakini kabla ya kukubali safari alifanya jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alifanye. Alimtafuta msichana aliyemtangulia shuleni, ambaye alikuwa mwaka wa tatu huko huko, akamwuliza: mlianza wangapi, na sasa mmebaki wangapi? Mazoezi ya hospitali mnafanyia wapi? Mwalimu wa somo kubwa anaishi mjini, au huletwa kwa wiki moja akamwaga somo la muhula na kuondoka? Mwaka uliopita ulifungwa mwezi gani?

Swali la mwalimu mgeni wasilidharau. Chuo kikikosa maprofesa wakaao, masomo huwangoja wapitaji, kalenda huteleza, na mwaka mmoja hula miezi kumi na minane ya mali ya wazazi. Vivyo hivyo swali la hospitali na la maabara: mwuguzi hafundishwi kwa ubao peke yake.

Lingine ni kibali cha serikali. Mara kadhaa Wizara ya elimu ya juu imefunga taasisi zilizoonekana hazifai, na walioumia ni wanafunzi walioshika karatasi isiyokubaliwa popote. Mzazi aulize namba ya amri iliyokipa chuo kibali, tena aulizie kila fakilte, kwa sababu chuo chaweza kuruhusiwa kufundisha biashara na kisiruhusiwe kufundisha udaktari. Aulize pia kama chuo kimekwisha kuingia barabara katika utaratibu mpya ulioanza mwaka wa masomo 2021–2022, ambao kwao shahada ya kwanza ni miaka mitatu na ya pili miwili. Zamani ilikuwa mitatu ya graduat na miwili ya licence, na wako wazazi wanaosikia neno "licence" wakadhani ni lile lile la siku zao.

Binti wa Baraka alisafiri kwa boti mpaka Kalemie, na dumu moja la mawese kwa ajili ya mke wa mjomba. Begani alichukua bahasha ya nailoni, ili maji ya ziwa yasiifikie, na ndani yake zilikuwamo karatasi za kuandikishwa: matokeo ya Exetat, ripoti za miaka miwili ya mwisho ya shule, hati ya kuzaliwa, hati ya mwenendo mwema, ya afya, na picha ndogo nane. Walimwambia nne zatosha. Baba alilipia nane, akasema mpiga picha wa Lubumbashi hamjui.