Njia ya Jirani na Hati ya Shamba: Barua kutoka Uingereza



Haki ya mtu kumiliki shamba lake na haki ya jirani kupita, kuteka maji au kuokota kuni katika shamba hilo zimeishi pamoja kwa muda mrefu katika vijiji vya Rufiji, zote mbili bila kuandikwa. Sasa ambapo upimaji wa mashamba na utoaji wa hatimiliki za kimila unaendelea katika vijiji vingi vya Tanzania, linalostahili kuulizwa ni iwapo haki hii ya pili itasalimika ikiwa ile ya kwanza itaandikwa peke yake.

Mashamba ya Rufiji yana historia yake. Mafuriko ya mwaka 1968 yalifuatiwa na Operesheni Rufiji, mpango wa serikali uliowahamisha watu kutoka bondeni na kuwaweka katika vijiji vya miinuko, lakini rutuba ilibaki bondeni; kwa hiyo wakulima waliendelea kushuka kulima mpunga wakati wa mvua na mlau baada yake, yaani mazao yanayopandwa kwa unyevu unaoachwa na mafuriko yanapokauka, huku wakilinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege kutoka kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Nyumba ikiwa huku na shamba kule, mkulima hana budi kupita katika mashamba ya wenzake, akibeba mbegu anapokwenda na magunia anaporudi, na kupita huko hakuombewi ruhusa kila kukicha.

Umiliki wenyewe nao umesimama juu ya ujirani. Hati ya mauziano inayoandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji hutaja majirani wa pande nne, kaskazini fulani, kusini fulani, mashariki fulani na magharibi fulani, nao hutia saini au dole gumba kama mashahidi. Maji yakifukia alama au yakila ukingo wa mto, kumbukumbu za watu hao ndizo zinazorudisha mpaka mahali pake. Miti pia ina hesabu yake, kwa kuwa mnazi, mwembe au mkorosho unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine, na ndiyo maana anayeazimwa shamba huachiwa alime mihogo na mpunga lakini hukatazwa kupanda miti ya kudumu, ambayo kesho ingekuwa dai. Mpita njia mwenye njaa akila embe palepale chini ya mti hahesabiwi mwizi; akijaza kikapu, hapo ana la kujibu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, imeipa haki ya kimila hadhi sawa na haki inayotolewa na serikali, imebatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji, chombo cha usuluhishi chenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Haya ni mafanikio makubwa, hasa kwa mjane ambaye mashemeji wanamtolea macho. Tatizo liko kwenye ramani: mstari unaozunguka shamba hauonyeshi njia inayolikata katikati, na siku shamba hilo litakapouzwa kwa mtu asiyemjua yeyote kijijini, naye akazungusha seng'enge, hati itasema kweli yake na wazee watasema yao, na mahakamani hati ndiyo itakayoanza kusikilizwa.

Uingereza iliipitia hali hii kwa machungu. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lake lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi mipaka, zilizogusa takriban sehemu moja ya tano ya eneo lote la England, na wanavijiji waliokuwa wakichunga ng'ombe wachache na kukata kuni katika ardhi ya pamoja wakajikuta nje ya ua, wengi wao bila karatasi ya kuonyesha kwamba walikuwa na haki yoyote. Mwaka 1932 vijana walioandamana kwa miguu kupanda mlima Kinder Scout, uliofungwa na wenye ardhi, walikabiliwa na walinzi na polisi, na baadhi yao wakakamatwa na kufungwa jela. Ni mwaka 1949 tu ndipo sheria ilipozitaka halmashauri zichore ramani rasmi za njia za umma, na kuwemo kwa njia katika ramani hiyo ni ushahidi wa kisheria kwamba ni ya umma.

Matokeo yake yanaonekana leo na mgeni yeyote anayetembea mashambani. Mkulima wa ngano ni mmiliki kamili wa shamba lake, lakini akiilima njia ya miguu inayokatiza katikati, sheria inamtaka airudishe ndani ya siku 14 ikiwa na upana usiopungua mita moja, na kwenye uzio wake mara nyingi huwa kuna ngazi fupi ya mbao ya kuvukia ambayo ni wajibu wake kuitunza. Majirani wa huko wanaweza kukaa miaka bila kuingia nyumbani kwa mwenzao, jambo ambalo kwa mtu wa Pwani ni upweke mzito, lakini njia iliyo kwenye ramani ni ya wote.

Kata ya Mahege, Wilaya ya Kibiti huko Rufiji, haina sababu ya kungoja kwa karne tatu. Sheria ileile ya mwaka 1999 inaipa kamati ya uhakiki ya kijiji, yaani wanakijiji wanaothibitisha nani anamiliki nini kabla ya hati kutolewa, mamlaka ya kutenga njia na haki nyingine za kupita, na inaiagiza ilinde maslahi ya wanawake, watoto na watu wasiokuwapo. Mamlaka hayo yana uzito zaidi tangu wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walipofika Rufiji na mifugo yao, kwa kuwa ng'ombe asiye na njia iliyotengwa ya kwenda mtoni hupita kwenye mpunga, na ugomvi unaofuata hauhitaji kusimuliwa.

Miongoni mwa watu wasiokuwapo wamo wana wa Kibiti walio ughaibuni, ambao wengi wao hununua mashamba kwa kupiga simu na kutuma fedha, na ambao wana hatari ya kuwa wao wenyewe yule mwenye seng'enge. Hao wanadaiwa jambo moja kabla ya kulipa: kumtuma ndugu alizungukie shamba pamoja na majirani wa pande nne, aulize nani hupita wapi, kisima ni cha nani na mikorosho ni ya nani, kisha majibu hayo yaandikwe katika hati ya mauziano kando ya mipaka, na yasomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya saini.