Mpaka Kiliba kwa kinga, bila mzigo



Wengi wenu mmetuuliza kama ni kweli kwamba wamama watano walionekana juu ya kinga katika barabara ya Kiliba siku ya Jumamosi, bila bidoni, bila kitunga, na bila kwenda kwenye kilio cha mtu. Ni kweli. Tulikuwa walimu watatu, mshonaji wa nguo mmoja na muuzaji wa mawese mmoja. Tulikwenda kutembea tu. Kwa kuwa habari imezunguka mji kutupita, ni vizuri muisome kwetu wenyewe.

Wazo lilitoka darasani. Katika somo la Kifaransa tulikuwa tumesoma na watoto wa kilasi ya sita juu ya mto Loire. Kule Ufaransa kuna njia ya kinga inayofuata mto huo, urefu wake karibu kilometa 900, mpaka pale mto unapoingia katika bahari ya Atlantiki. Watu wanaifuata polepole, wazazi na watoto wao, wanapita katika misitu na vijiji vya zamani, wanasimama kutazama majumba ya wafalme, wanalala, kesho wanaendelea. Watoto walicheka sana. Mtu mzima anapanda kinga siku nzima na habebi kitu? Mmoja akauliza kama watu hao hawana kazi.

Tulimwelewa. Kwetu Uvira kinga ni mtumishi. Inabeba mawese, makala, mihogo, ndakala, matofali, na usiku inabeba mgonjwa. Mara nyingi mwanaume anaisukuma, na mama anafuata nyuma na mzigo mwingine kichwani. Tuna mto wetu, Ruzizi. Tuna ziwa letu, tuna milima pande mbili. Lakini barabara hiyo tunaipita tukiwa juu ya magunia, kikwembe kimefunika uso kwa sababu ya vumbi. Mwenzetu muuzaji wa mawese ameifanya kwa zaidi ya miaka kumi, na alituambia kwamba juu ya gari yeye anafanya mambo mawili: anasinzia, ao anahesabu madeni.

Basi tukakodi kinga nne. Ndiyo, nne kwa watu watano, kwani mshonaji wetu hajui kupanda na tulimbeba nyuma kwa zamu. Yule mwenye kinga alitaka kwanza kujua tunaenda kuchukua bidhaa gani, ili apange bei. Tulipomwambia hakuna bidhaa, akapandisha bei! Alifikiri tunamficha kitu. Mkitaka kukodi, jaribuni freni mbele ya mwenyewe kabla ya kutoa franga, na ombeni pombi muende nayo. Kuhusu mavazi, suruali chini ya kikwembe inatosha kabisa. Kikwembe kifungwe juu kidogo kisiingie katika mnyororo.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kuuliza watu waliolala njiani kama barabara ni tulivu. Siku ambayo barabara si tulivu, mtu abaki nyumbani.

Mahali pa kwanza tuliposimama ni daraja la Mulongwe. Katika likizo ya kiangazi mto ule ni mdogo, watoto wanauvuka kwa miguu na wamama wanafua. Asiyejua hawezi kuamini kwamba ni mto huohuo wa Aprili 2020, ulioshuka usiku na mawe na miti, ukaua watu makumi kwa makumi na kubomoa nyumba maelfu. Kutoka darajani unaona wazi jambo ambalo ukiwa ndani ya gari huwezi kuona: milima iliyo juu ya mji imebaki uchi. Msitu mkubwa, ule wa Itombwe wenye sokwe, uko mbali nyuma ya vilele. Huku mbele miti imekwenda katika mashamba na katika mababula yetu. Mvua ikinyesha, hakuna kitu cha kuishika. Tulinyamaza kidogo pale. Mmoja wetu alikuwa na ndugu katika avenii iliyochukuliwa.

Kavimvira, ziwa liko karibu kuliko tulivyolijua tukiwa wadogo. Maji yamepanda miaka hii na kuingia katika parseli za watu. Tuliona ukuta wa nyumba umesimama majini, na juu yake mtu ameanika wavu. Hapo njia inagawanyika: kulia unaelekea mpakani na Bujumbura, mbele unaelekea Kiliba, Sange, Luvungi, Kamanyola. Magari mengi yanakwenda kulia. Tulipoendelea mbele kelele ikapungua, na kwa mara ya kwanza tukasikia minyororo ya kinga zetu wenyewe.

Tuseme neno moja juu ya Ruzizi, maana huko ndiko unakoingia ziwani, ukitoka ziwa Kivu. Aprili 1858 wazungu wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Walikuwa wanatafuta chanzo cha Nili, na Burton alitumaini sana kwamba mto huu unatoka katika ziwa na kwenda kaskazini. Watoto wa mtemi wa hapa waliwaambia wazi: Ruzizi inaingia, haitoki. Wakarudi bila kuuona mdomo wa mto. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi, wakautazama kwa macho yao, na neno likakubaliwa Ulaya: Ruzizi inaingia. Mama yeyote aliyechota maji pale angewaambia bila kulipwa. Historia hii tunaifundisha kila mwaka ubaoni, lakini ni tofauti kuisimulia ukiwa umeketi chini ya mti, mguu mmoja juu ya kinga, na bonde lenyewe liko mbele yako.

Bonde ni kubwa! Upande wa kushoto milima yetu, upande wa kulia, mbali, milima ya Burundi kama ukuta wa buluu, na katikati nyasi zilizokauka, mihogo, mahindi yaliyovunwa, ng'ombe wenye pembe ndefu. Joto linapanda mapema. Barabara ni tambarare, na hii ni baraka kwa mtu aliyembeba mshonaji nyuma.

Kwenye bariere moja tulisimamishwa. Kijana alizunguka kinga zetu mara mbili akitafuta kitu cha kutoza.

"Mzigo uko wapi, wamama?"

"Hakuna mzigo, kijana wetu."

"Sasa munaenda wapi?"

"Kutembea."

Akamwita mwenzake aje kusikia. Huyo wa pili, mtu mzima, akauliza kama mabwana zetu wanajua. Muuzaji wa mawese akamjibu kwa upole kwamba bwana wake ndiye aliyepampu magurudumu. Wakacheka, wakatuacha. Hatukulipa kitu, na mnaoifahamu barabara ile mtajua kwamba hilo peke yake ni habari ya kuandika.

Lakini swali lake si la kupita tu. Kwa miaka mingi Kodi ya Familia ya 1987 ilisema mwanamke aliyeolewa lazima apate ruhusa ya bwana wake kwa kila tendo la kisheria linalomfunga. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya 15 Julai 2016. Kupanda kinga hakujawahi kuandikwa katika sheria yoyote. Hata hivyo, kabla ya safari, wawili kati yetu waliulizwa na familia ya bwana maswali ambayo dereva wa lori haulizwi. Tuliongea nyumbani kwa adabu, tukaeleza saa ya kwenda na saa ya kurudi. Kuongea kabla ni bora kuliko kujitetea baada.

Karibu na Kiliba tulinunua mashanza kwa mama aliyekaa kando ya barabara na kibuyu chake. Maziwa ya kuganda, baridi kidogo, na mihogo ya kuchemsha tuliyotoka nayo nyumbani. Majumba ya wafalme wa Loire hatujayaona, lakini tunashuku kwamba hawana mashanza.

Kiliba yenyewe ni mji unaofanya mtu azungumze chini. Wazee wetu walikula sukari ya hapa. Kiwanda kilikuwa na kampi za wafanyakazi na miwa mpaka jicho linapoishia. Vita vya 1996 vikakisimamisha. Tuliendesha polepole kati ya nyumba za kampi. Nyingine familia zinaishi, nyingine nyasi zinaishi. Pale palipokuwa miwa watu wamelima mihogo. Mzee mmoja alituona tunatazama, akatoka akatuonyesha kwa fimbo yake: huku mashine, huku walipokuwa wanapanga mstari siku ya malipo. Alisema king'ora cha kiwanda ndicho kilikuwa saa ya kijiji chote, na wamama walipika wakikifuata. Baadaye akauliza kama tumetumwa na serikali ao na shirika. Tulipomwambia hatukutumwa na mtu, tumekuja kuona tu, aliingia ndani akaleta kiti kwa mkubwa wetu. Tulikaa naye karibu saa nzima. Mtu anayefika kwa gari la mzigo hawezi kumkuta mzee huyu. Gari halisimami mbele ya mlango wake.

Wasichana wa Kiliba walikuja kutuzunguka. Mmoja, labda wa miaka kumi na miwili, alishika usukani wa kinga yetu na hakuuachilia. Anatembea kwa miguu kwenda masomo, kwenda na kurudi, na nyumbani kuna kinga ya kaka yake. Tukamuuliza kwa nini hapandi. Akatazama chini, akasema mama amemkataza: msichana akipanda kinga ataharibika, hataolewa vizuri.

Wamama, neno hili tunalisikia Uvira pia, na hapa tunaongea kama wazazi na kama walimu. Si kweli. Ule utando unaosemwa unatofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa, na unaweza kunyooka ao kupasuka kidogo katika mchezo wowote. Hauonyeshi mwenendo wake. Mwaka 2018 OMS, shirika la afya la dunia, lilisema wazi kwamba hakuna uchunguzi unaoweza kuonyesha kama msichana ni bikira. Tunawaruhusu wasichana wetu wabebe bidoni ya lita 20 kutoka mtoni, na hakuna anayeuliza shingo yao itaharibika namna gani. Halafu tunaogopa kiti cha kinga! Msichana anayefika shuleni mapema, bila kuchoka, bila kuomba lifti kwa watu wa pikipiki, huyo ndiye yuko salama zaidi. Na lifti hizo zina bei, wengine wenu mnaijua. Sisi darasani tumeona matokeo yake.

Hatukubishana na mama wa mtoto, kwani hakuwepo. Tulimpandisha msichana, mmoja wetu akashika kiti kwa nyuma, akakimbia naye kati ya nyumba za kampi. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe mpaka kwenye mwembe, akaanguka katika mchanga, akainuka anacheka.

Kurudi kulikuwa kazi. Mchana upepo unatoka ziwani na unakupiga usoni njia nzima, vumbi katika meno. Gurudumu moja lilitoboka kabla ya Kavimvira na fundi wa njiani alilishona kwa muda mfupi. Tulishuka mara nyingi, tukasukuma, tukaongea. Mshonaji aliimba nyuma ili kulipa nauli yake. Saa kumi tulikuwa tumefika nyumbani, miguu inatetemeka, na bugali ilikuwa haijapikwa bado, jambo ambalo halikumuua mtu yeyote.

Sasa mshonaji anataka kujifunza. Tutakuwa naye katika uwanja wa shule kila Jumatano saa tisa, na kinga mbili. Anayetaka aje, na binti yake akipenda. Mlete maji ya kunywa na kikwembe cha kufunga kichwani, na mizigo muiache nyumbani. Akipata wepesi, safari ijayo tutafuata ziwa kuelekea Kalundu na Makobola, na tutahitaji kinga tano.