Nani Atamchukua Marko?



Kanisa kuu letu la hapa Lubumbashi limewekwa chini ya ulinzi wa Watakatifu Petro na Paulo. Tumelizoea jina hilo mno hata hatulisikilizi tena. Mmoja alimkana Bwana wake mara tatu katika usiku mmoja. Mwingine aliwakokota Wakristo gerezani, na Stefano alipopigwa mawe yeye alilinda mavazi ya wauaji. Watu hao wawili ndio waliopewa kanisa mama la jimbo kuu letu, na kila tarehe 29 Juni tunapowaadhimisha hakuna anayeshangaa. Mimi nadhani inafaa kushangaa kidogo.

Sikukuu hiyo huangukia katika majira yetu ya baridi. Mnajua asubuhi za Juni na Julai zilivyo hapa kwetu: mama ametoa mbabula uani, makala yameshika moto, na kila mtu wa nyumba anatafuta sababu ya kupita karibu. Kwa hiyo tunaweza kumwelewa Petro upesi kuliko ndugu zetu wa Kinshasa, ambao baridi wanaisikia katika hadithi. Mwinjili Yohane anaeleza kwamba usiku ule katika ua wa Kuhani Mkuu kulikuwa na baridi, watumishi wakawasha moto wa makaa, na Petro akasimama pamoja nao akiota. Hapo ndipo alipoulizwa, na hapo ndipo alipokana. Baadaye, kando ya ziwa, Bwana mfufuka anawaandalia wanafunzi samaki na mkate, na Yohane anataja tena moto wa makaa. Neno la Kigiriki analolitumia kwa moto huo halipatikani popote katika Agano Jipya isipokuwa katika sehemu hizo mbili.

Anayejua harufu ya makala anaelewa jambo hili bila mwalimu. Yezu Kristu hakumwondoa Petro mbali na kumbukumbu ya anguko lake. Alimketisha karibu nayo, akamlisha kwanza, kisha akamwuliza mara tatu kama anampenda. Na kila jibu lilifuatwa na agizo la kuwachunga kondoo. Petro alipewa msamaha, naam, lakini alipewa pamoja nao kazi, tena kazi ileile aliyoonekana kuwa ameipoteza.

Nimelitafakari sana jambo hilo la kazi kwa sababu ya shauri lililotufikia katika kikundi chetu cha vijana, kule Katuba, ambako nimekuwa mlezi kwa miaka kadhaa. Alikuwako kijana mmoja, jina lake nitaliacha, aliyefundisha watoto wa Komunyo ya kwanza. Mwanzoni mwa mwaka wa katekesi alisimama mbele ya altare pamoja na wenzake, akaahidi kuwasindikiza watoto wale hadi mwisho. Katikati ya Kwaresima akaondoka kwenda upande wa Kolwezi kuchimba madini. Hakumwaga mtu. Jumamosi ile watoto kumi na wawili walikuja kama kawaida, wakamngoja chini ya mwembe, wakarudi nyumbani. Jumamosi iliyofuata wakaja tena.

Sina jiwe la kumtupia kijana anayekwenda machimboni. Nyumba nyingi za mji huu hupata bukari ya jioni kwa kuwa mwana mmoja ameshuka katika shimo ambalo halina nguzo, na mama yake halali hadi asikie sauti yake kwenye simu. Tena, aliyeahidi akiwa na karo mkononi huenda asiweze kutimiza karo inapokosekana. Lakini kuondoka ni jambo moja, na kuondoka bila neno ni jambo jingine. Watoto hawakuumizwa na Kolwezi. Waliumizwa na kule kungoja chini ya mwembe.

Alirudi baada ya miaka miwili. Kwa majuma mengi aliketi kwenye benchi la mwisho na kutoka kabla ya baraka. Kisha, siku moja ya mkutano wetu, aliingia, akasalimu, akaomba kufundisha tena.

Waliokataa hawakuwa watu wabaya. Aliyesema kwa uchungu kuliko wote alikuwa binti ambaye, alipokuwa na miaka kumi na saba, aliwachukua watoto wale kumi na wawili bila kuagizwa na mtu, akawafundisha kila Jumamosi, akawafikisha mezani pa Bwana. Alisema hivi: mkimrudisha kana kwamba hakuna lililotokea, mnatuambia sisi tuliobaki kwamba kubaki si kitu. Ukumbi ulinyamaza. Tunapohubiri mfano wa mwana mpotevu huwa tunamsema vibaya kaka mkubwa, lakini siku ile nilimwona kaka mkubwa amesimama mbele yangu, naye alikuwa na hoja.

Ndipo mmoja wetu alipomtaja Yohane Marko. Wengi walikuwa hawaijui habari yake, nami nimeona niieleze hapa kwa urefu.

Marko alitoka katika nyumba iliyojulikana. Mama yake, Maria, alikuwa na nyumba Yerusalemu, na humo Wakristo walikuwa wakisali usiku ule Petro alipotolewa gerezani na malaika. Paulo na Barnaba walipoanza safari yao ya kwanza, walimchukua kijana huyu awe msaidizi wao. Walipita kisiwa cha Kipro, wakavuka bahari, na walipofika Perge katika nchi ya Pamfilia, Marko akawaacha, akarudi Yerusalemu. Luka hatuelezi sababu. Wafafanuzi wametaja homa, milima, woga, hamu ya nyumbani; mimi naona Luka alifanya vema kunyamaza, kwa kuwa kila msomaji hujaza nafasi ile kwa sababu yake mwenyewe.

Baadaye Paulo alipotaka kuyatembelea tena makanisa, Barnaba alisema wamchukue Marko. Paulo akakataa: mtu aliyewaacha kule Pamfilia hafai kufuatana nao. Na Luka, ambaye hupenda kutuonyesha umoja wa Wakristo wa kwanza, anakiri kwamba ugomvi ulikuwa mkali hata wakatengana. Paulo akamchukua Sila. Barnaba akamchukua Marko, wakapanda chombo kwenda Kipro.

Kumbukeni Barnaba alikuwa nani kwa Paulo. Saulo alipofika Yerusalemu mara ya kwanza baada ya kuongoka, wanafunzi wote walimwogopa. Hawakuamini kwamba mtesi wao amekuwa ndugu yao. Barnaba ndiye aliyemchukua, akampeleka kwa Mitume, akamsemea. Barnaba ndiye aliyekwenda tena hadi Tarso kumtafuta ili wafanye kazi pamoja Antiokia. Yaani Paulo mwenyewe alikuwa matunda ya mtu anayejua kudhamini wengine, na sasa mtu huyo alitaka kumdhamini mwingine, Paulo asiwe tayari. Sisemi Paulo alikosea. Safari ile ilikuwa ya hatari, na msafiri anahitaji mwenzake asiyekimbia. Lakini Barnaba alilipa. Tangu meli ile ilipoondoka, kitabu cha Matendo ya Mitume hakimtaji tena hata mara moja. Habari inaendelea na Paulo, miji inaendelea kusikia Injili, na Barnaba amebaki Kipro na kijana mmoja ambaye hakuaminiwa.

Nafasi ya pili tunaiwazia kama zawadi isiyo na bei. Kwa anayeipokea huenda ikawa hivyo. Kwa anayeitoa, ina bei yake, na mara nyingi ni mtu mmoja anayeilipa kwa niaba ya kundi zima.

Habari za Marko zinajitokeza tena katika nyaraka, kidogo kidogo. Wakolosai wanaagizwa wampokee akiwafikia. Katika waraka mfupi kwa Filemoni, Marko anatajwa miongoni mwa watenda kazi wa Paulo, na katika orodha ileile yumo mtu aitwaye Dema. Kisha unakuja waraka wa pili kwa Timoteo, ambamo Paulo ni mfungwa anayengoja kifo. Anasikitika kwamba Dema amemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu, na papo hapo anamwomba Timoteo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Yule aliyekuwa hafai sasa anafaa, na yule aliyekuwa ndani ya orodha ameondoka. Nilipomsomea binti yetu majina hayo mawili yaliyokaa pamoja, hakusema kitu, ila aliomba Biblia ayasome mwenyewe.

Mapokeo ya kale ya Kanisa yanasema kwamba Marko aliandika Injili yake kutokana na mahubiri ya Petro. Petro katika waraka wake wa kwanza anamwita mwanawe. Basi aliyekimbia Pamfilia aliandika habari za aliyekana uani, wala hakumficha: jogoo yumo, na machozi yamo. Lakini katika Injili hiyo tu, asubuhi ya ufufuko, mjumbe wa kaburini anawaagiza wanawake wakawaambie wanafunzi, kisha anamtaja Petro kwa jina lake peke yake. Ni Marko pekee aliyeona kwamba jina lile lisikose kuandikwa.

Kikundi chetu kingeweza kuishia hapo, kufuta machozi na kupiga makofi. Hata hivyo swali la binti lilikuwa bado mezani, na Kanisa la Afrika liliwahi kukutana nalo zamani, katika mji wa Kartago, ulio leo katika nchi ya Tunisia. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya dola na kupewa hati ya uthibitisho. Wakristo wengi waliitikia: wengine walitoa sadaka, wengine walifukiza ubani tu, wengine walinunua hati bila kutoa chochote. Dhuluma ilipopungua, walirudi kubisha hodi. Wapo waliotaka wapokelewe siku hiyohiyo, wakiwa na barua za kuwaombea kutoka kwa ndugu walioteswa gerezani. Kule Roma padri Novatianus alishika upande wa pili: aliyeanguka asipokelewe na Kanisa kamwe.

Askofu wa Kartago alikuwa Mtakatifu Sipriani. Naye alikuwa na jeraha katika jambo hili, maana wakati wa dhuluma alijificha, akaliongoza kundi lake kwa barua, na wapo waliomlaumu. Mwaka 251 alikutana na maaskofu wenzake, wakakataa njia zote mbili. Mlango haufungwi, wala haupitwi kwa mbio. Kila mtu aangaliwe alivyoanguka, afanye toba, kisha apokelewe. Muda si mrefu ikaonekana kwamba dhuluma nyingine inakaribia. Hapo wakaamua kwamba waliokuwa wakitubu kwa kweli wapewe amani mara moja, bila kungoja toba yao iishe. Sababu yao inanigusa kila niisomapo: hatuwezi kumwomba mtu amwage damu yake kwa ajili ya Kristu huku tukimnyima kikombe cha damu ya Kristu. Walirudishiwa Ekaristi kwa sababu walihitajiwa vitani. Sipriani mwenyewe, aliyejificha mara ya kwanza, safari nyingine hakujificha. Alikatwa kichwa Kartago tarehe 14 Septemba 258.

Kijana wetu alikuwa amekwisha kupokea sakramenti ya Kitubio kwa padri wetu, na hapo hakuna mkutano wa vijana unaoweza kuongeza wala kupunguza. Mungu amesamehe. Lakini ondoleo la dhambi hutolewa kwa dakika chache, na imani ya watoto waliongojeshwa hujengwa kwa Jumamosi nyingi. Hatukutaka kuchanganya mambo hayo mawili.

Aliyetutoa kwenye mkwamo ni mama mmoja wa jumuiya, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Alisimama akasema: nipeni mimi huyu mtoto. Atafundisha, nami nitaketi darasani pamoja naye kila Jumamosi mpaka mwaka uishe; asipofika, watoto watanikuta mimi. Alitaka jambo moja tu kwanza: kijana aende katika nyumba za watoto wote kumi na wawili, aseme lile ambalo hakulisema alipoondoka. Mama huyo huuza unga sokoni, na kila mfanyabiashara anajua Jumamosi ni siku gani. Mumewe hakupendezwa. Majirani zake wa soko walimwuliza kama anaanza utawa.

Kijana alizunguka nyumba hizo kwa majuma matatu, kwa miguu. Familia mbili zilikuwa zimehama. Mlango mmoja haukufunguliwa, ingawa redio ilikuwa ikisikika ndani. Katika nyumba moja mtoto, ambaye sasa ni mrefu kumshinda dada yake, alimwita Yaya kama zamani, kisha akamwuliza kwa nini hakuwaambia. Alinieleza kwamba alikuwa ametayarisha majibu mengi njiani, na hakutumia hata moja.

Binti hakuja mikutanoni kwa miezi mitatu. Nilimtembelea mara mbili, si kumvuta, bali kumshukuru mbele ya wazazi wake kwa ajili ya watoto wale, jambo ambalo mwalimu aliyebaki anastahili kusikia kwa sauti. Katekesi ilipoanza tena alirudi, akaomba darasa la Kipaimara. Vyumba vyao vinatazamana. Mama wa unga huketi karibu na dirisha na daftari lake. Kila Jumamosi saa nane wanafungua milango, wanasalimiana, na kila mmoja anaingia kwa watoto wake.