Kope za Bibi

Msomaji mwenzangu, kama hujawahi kuchonga uso wa mtu utadhani kazi yote iko kwenye jicho lenyewe. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilikesha wiki nzima nikihangaika na mboni: natia rangi ya kahawia, natia mng'ao, natia vijishipa vyekundu pembeni. Nilipoona mambo yameiva nikamwita mdogo wangu aje kuona. Akatazama kioo cha kompyuta, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu si bibi," akasema. "Huyu kama mtu aliyeshtuliwa usiku."

Nilikasirika, lakini alikuwa kasema kweli.

Sisi tunakaa Makorora, hapa hapa Tanga. Kompyuta yangu ni ya mtumba, feni yake inanguruma kama cherehani. Ndani yake mna Blender, programu ya kuchongea sanamu na kutengenezea katuni, ambayo tangu mwaka 2002 iko wazi kwa yeyote kuitumia bure. Huko hakuna udongo wala tezo. Kuna donge kwenye kioo na kipanya mkononi. Unasukuma, unavuta, unalainisha, na ukikosea unabonyeza kitufe mambo yanarudi yalivyokuwa. Laiti kila kitu duniani kingekuwa na kitufe hicho.

Nilitaka kutengeneza filamu fupi ya dakika mbili: bibi amekaa barazani asubuhi, anachoma vitumbua, anamtania kila apitaye na baiskeli. Tabu ni kwamba picha aliyotuachia ni moja tu, ya paspoti. Mpiga picha alimwambia akodoe macho, naye akakodoa. Nami nikayachonga vile vile yalivyokodolewa. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimetoboa matundu mawili usoni nikachomeka gololi mbili, kisha kope nikazichora kama mstari wa wanja. Basi, ndiyo maana mtoto alikimbia.

Sikufundishwa na mtu namna ya kurekebisha. Nilikumbuka tu.

Alfajiri ile bibi alipokata roho, shangazi alikuwa akitafuta kitambaa cha kumfungia kidevu. Mama akaniambia, "Mfumbe macho bibi yako." Nikaweka vidole viwili. Nilitegemea kope zishuke kama pazia, moja kwa moja. Hazikushuka hivyo. Ziliteleza juu ya kitu cha duara, zikafuata mviringo wake mpaka chini, na katikati vidole vyangu vikapanda kidogo, pale mboni inapobenuka. Wakati ule sikufikiri lolote. Nililia tu. Lakini kumbe vidole vilikuwa vimeshika somo.

Nikafuta macho yote mawili. Safari hii nilianza na tufe, kope nikazilaza juu yake. Ukingo wa kope nikaupa unene, kama milimita mbili hivi, maana kope si karatasi. Kope ya juu nikaishusha hadi ikafunika kidogo ukingo wa mboni. Ya chini nikaiacha iguse tu. Halafu nikaenda kwenye kioo cha kunyolea, nikajitazama mwenyewe kama chizi. Nikagundua kwamba kilele cha kope ya juu hakiko katikati, kimeegemea upande wa pua, na ya chini imeinama zaidi upande wa sikio. Nikazisogeza hivyo hivyo. Mwisho nikatia ule uzee: ngozi ya juu iliyolegea na kuangukia pembe ya nje, na macho yaliyofinywa na moshi wa vifuu vya nazi kwa miaka mingi.

Naam, akaja. Mboni sikuzigusa kabisa, ni zile zile za wiki iliyopita, lakini aliyekuwa akinitazama alikuwa bibi. Hapo nikajicheka. Mara ngapi nimeandika kwenye hadithi zangu kwamba macho ya fulani yalijaa huzuni? Gololi ni ile ile mtu akicheka au akinuna. Kinachosema ni ile nyama ndogo inayoizunguka.

Ilibaki kujaribu kumpepesa. Mtu hupepesa kama mara kumi na tano kwa dakika, na ikiwa kope umezikosea, zikifumba tufe hutokeza nje. Nikamfumba taratibu. Kope zikateleza vizuri, hazikutoboka. Mkono wangu ukaganda kwenye kipanya.

Sikujua kwamba mama amesimama nyuma yangu. Yeye hakuipenda kazi hii tangu mwanzo. "Sanamu ya mtu, tena marehemu," alikuwa akisema. "Siku ya Kiama utaambiwa uitie roho. Utaweza?" Nikangoja nisemwe. Alikaa kimya muda mrefu.

"Ya kushoto ilikuwa imelegea zaidi," akasema mwishowe.

Nikaishusha kidogo. Akatikisa kichwa, nikaishusha tena. Akaitikia.

"Sasa mfumbue," akasema. "Na usimfumbe tena. Tulishamfumba."

Filamu nimeiweka kando. Katika filamu asiyepepesa ni maiti, na mama kanikataza kumpepesa. Kwa hiyo bibi amebaki picha: amekaa barazani, kafinya macho kwa moshi, kitumbua kiko kwenye kijiti. Mama mpaka leo hajanitamkia kwamba kazi hii ni halali, wala sijamlazimisha. Ila kila jioni akisikia feni inanguruma hupaza sauti kutoka uani:

"Bibi yako yuko macho?"

Nami humjibu, "Yuko macho, mama."